Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere: Mpinzani Wako Si Adui Yako

Kila ifikapo tarehe 14 Oktoba, Kanisa na taifa letu humkumbuka Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Wengi wetu tunayajua maisha yake kwa upande wa Uhuru, Ujamaa na Muungano. Upo upande mwingine usiosimuliwa mara nyingi. Kijana huyu wa Butiama alikwenda kuishi miongoni mwa Waingereza, akayatazama kwa makini mashindano ya vyama vyao na mijadala ya Bunge lao. Alichukua alichoona kinafaa, akaacha alichoona hakitufai, na uzeeni akakipima upya kile alichokuwa amekiacha.

Habari hiyo inatuhusu sisi tuishio Makwale na mwambao wote wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Jioni, baada ya kazi za mpunga na kakao, redio hutuletea mara kwa mara habari za Bunge la Uingereza: waheshimiwa wanazomeana, Spika anapaza sauti akiomba utulivu, na kesho yake mambo yanaendelea kama kawaida. Msikilizaji hujiuliza, je, huo ni ugomvi au ni utaratibu? Swali hilo lina uzito kwetu, kwa maana msimu wa uchaguzi unapopita huonekana majirani wasiosalimiana. Hata katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, zamu ya sala inapofika katika nyumba fulani, wapo wasiokwenda kwa sababu mwenye nyumba alivaa fulana ya chama kingine.

Julius Nyerere alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mwana wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki na Mama Mgaya. Alianza shule Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka 12, kisha akaendelea Tabora. Alibatizwa tarehe 23 Desemba 1943 katika misheni ya Nyegina, akiwa mtu mzima mwenye kujua analolitenda. Baada ya masomo ya ualimu Makerere, alifundisha katika Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, chini ya Mapadre Weupe. Mwaka 1949 akaenda Scotland kusoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, ambako alijifunza uchumi, historia, falsafa ya maadili na sheria za katiba.

Ili tuelewe alichokiona huko, yafaa tuujue kwanza utaratibu wa Bunge la nchi ile. Katika Baraza la Makabwela, ambalo ndilo la wabunge waliochaguliwa, viti havikupangwa kwa duara. Vimepangwa safu mbili zinazotazamana: upande mmoja Serikali, upande wa pili Upinzani. Mpangilio huo una asili inayomgusa Mkatoliki. Tangu karne ya 16 hadi moto wa mwaka 1834, wabunge walikutana katika kikanisa cha Mtakatifu Stefano, wakakalia viti vya kwaya, vile ambavyo watawa huimbia zaburi upande huu na upande huu. Sakafuni mwa ukumbi wa leo imechorwa mistari miwili myekundu, ambayo msemaji haruhusiwi kuivuka. Husimuliwa kwamba nafasi kati yake ni urefu wa panga mbili. Watu wale walikwisha kupigana sana kwa panga, wakaamua kwamba tangu sasa watapigana kwa maneno. Amani hiyo haikupatikana kwa siku moja wala haikuwafikia wote kwa pamoja, kwani Wakatoliki wenyewe walizuiwa kukaa katika Bunge lile hadi mwaka 1829.

Jambo la pili ni hadhi ya mpinzani. Tangu mwaka 1937, sheria ya Uingereza inampa Kiongozi wa Upinzani mshahara kutoka hazina ya nchi. Serikali inamlipa mtu ambaye kazi yake ni kuikosoa na kujiandaa kushika nafasi yake. Upinzani huo huitwa wa Mfalme, yaani unahesabiwa kuwa mtiifu kwa nchi sawa na Serikali. Anayepinga sera hahesabiwi kuwa msaliti wa taifa.

Mwalimu aliishuhudia mizani hiyo ikipanda na kushuka. Katika uchaguzi wa Februari 1950, chama cha Labour, chenye mizizi katika vyama vya wafanyakazi, kilibaki madarakani kwa viti 315 kati ya 625. Oktoba 1951 watu wakapiga kura tena. Labour kilipata kura zipatazo milioni 13.9, nacho Conservative pamoja na washirika wake kura zipatazo milioni 13.7. Hata hivyo, kwa kuwa ushindi huhesabiwa kwa majimbo, Conservative walipata viti 321, Labour 295. Waziri Mkuu Clement Attlee akaondoka, Winston Churchill akarudi. Aliyepata kura nyingi zaidi alikabidhi madaraka, wala hakuna aliyeshika silaha. Kijana aliyetoka katika nchi iliyotawaliwa na gavana asiyechaguliwa na wananchi hakukosa la kutafakari.

Lakini aliona pia upungufu wa utaratibu ule, nao ulihusu ziwa letu. Miaka ile Uingereza ilikuwa ikijadili kuiunganisha Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, na Rhodesia mbili katika Shirikisho moja. Waafrika wa Nyasaland, miongoni mwao ndugu zetu Wangonde wa ng'ambo ya Songwe, walilikataa, wakihofia kuwekwa chini ya walowezi wa kusini. Huko Scotland wengi waliwaunga mkono, na Mwalimu alikuwa upande huo. Wazo hilo lilianza kuchambuliwa wakati wa Serikali ya Labour, likasukumwa mbele na Conservative. Labour walipokuwa upinzani walilipinga bungeni, lakini mwaka 1953 likapita kwa wingi wa kura za chama tawala. Mjadala ulikuwa wa kweli na hoja zilikuwa nzuri, ila wenyewe waliohusika hawakuwa na kiti hata kimoja katika ukumbi ule.

Aliporudi nyumbani mwishoni mwa mwaka 1952, Mwalimu alifunga ndoa na Mama Maria, akafundisha Pugu, na tarehe 7 Julai 1954 akaongoza kuzaliwa kwa TANU. Mwaka 1957 Gavana alimteua kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Alikaa miezi michache tu, akajiuzulu Desemba mwaka huo huo, kwa kuwa mapendekezo yake yalisikilizwa bila kukubaliwa. Kwake yeye, baraza ambalo upande mmoja hauwezi kamwe kuushawishi mwingine halikuwa baraza.

Mwezi uliofuata, katika mkutano wa Tabora, alikabiliwa na mtihani kama huo ndani ya chama chake. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka kura ya mseto: kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wajumbe wengi walitaka uchaguzi ule ususiwe. Mwalimu alisimama akajenga hoja mpaka wengi wakakubali kuingia, na TANU ikashinda. Zuberi Mtemvu hakukubali; akatoka, akaunda chama chake, na mwaka 1962 akashindana na Mwalimu kwa kiti cha urais, akapata kura chache.

Wakati huo huo, ng'ambo ya Songwe moto uliwaka. Machi 1959 ilitangazwa hali ya hatari Nyasaland, na watu wapatao 50 waliuawa, baadhi yao Nkhata Bay, bandari ya ziwa hili hili. Tume ya Jaji Devlin iliilaumu vikali serikali ya Nyasaland. Bunge la Uingereza lilijadili taarifa hiyo Julai 1959, na Serikali ya Conservative ikatumia wingi wake kuikataa. Ungedhani mambo yameishia hapo. Lakini maneno yaliyosemwa hayakupotea. Baada ya uchaguzi wa Oktoba, chama kile kile kilimweka Iain Macleod kuwa Waziri wa Makoloni, naye akageuza mwendo. Desemba 1959 ikatangazwa kwamba Tanganyika itapata serikali ya madaraka mwaka uliofuata, na Aprili 1960 Dkt. Banda akafunguliwa kutoka gerezani. Hoja inaweza kushindwa kwa kura leo, ikashinda kesho katika dhamiri.

Katika uchaguzi wa 1960, TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na hata huyo mmoja aliyebaki alikuwa mwana TANU aliyesimama peke yake. Hapo Mwalimu akajiuliza kama tunavihitaji viti vinavyotazamana. Mwaka 1963 alieleza fikra zake kwa maandishi. Vyama vya Uingereza, alifundisha, vilitokana na tofauti za kitabaka kati ya wenye mali na wafanyakazi. Sisi hatukuwa na matabaka hayo. Tena, mbunge wa kule hubanwa na mnadhimu wa chama chake apige kura alivyoelekezwa, hata kama moyo wake unasema vingine. Yeye aliwakumbuka wazee wa Kiafrika walioketi chini ya mti wakazungumza mpaka wakakubaliana. Kwetu Wanyakyusa jambo hilo si geni. Ukwangala, ile raha ya kuketi pamoja na kuzungumza, wazee wetu waliuhesabu kuwa nguzo ya kijiji.

Katiba ya mwaka 1965 ikafanya TANU kuwa chama pekee Tanzania Bara. Hata hivyo Mwalimu hakutaka kura iwe mzaha. Katika majimbo mengi walisimama wagombea wawili wa chama kile kile, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine ya nyumba. Walihutubia jukwaa moja, wakakatazwa kutumia kabila, dini au rangi. Wananchi wakaamua kwa uhuru, na baadhi ya mawaziri wakaanguka.

Ukweli hautaki tufiche upande wa pili. Sheria ya mwaka 1962 ilimruhusu Rais kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani, nayo ikatumika. Mwaka 1968 wabunge kadhaa, mmoja wao kutoka Rungwe, walifukuzwa katika chama na kwa hiyo wakapoteza viti vyao. Ule mti wa wazee ulikuwa na kivuli, lakini aliyetofautiana sana na wengine aliweza kujikuta juani. Kanisa linapochunguza maisha ya Mtumishi wa Mungu halichungulii mazuri peke yake, wala sisi tusifanye hivyo.

Mwalimu alikuwa na unyenyekevu wa kutazama upya. Aliacha urais mwaka 1985 kwa hiari yake, na uenyekiti wa CCM mwaka 1990. Mwaka huo huo alianza kusema hadharani kwamba mfumo wa chama kimoja si amri ya Mungu na kwamba chama kisicho na mshindani hulala. Tume ya Jaji Francis Nyalali ilipokusanya maoni, takriban asilimia 80 ya waliohojiwa walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ilipendekeza vyama vingi, na Mwalimu akaliunga mkono pendekezo hilo, kwa kuwa wachache nao walistahili kusikilizwa. Mwaka 1992 Katiba ikabadilishwa. Yule aliyekuwa mtetezi mkuu wa chama kimoja akawa sababu kubwa ya mabadiliko kupita kwa amani.

Katika miaka yake ya mwisho alitafsiri Enjili kwa utenzi, kazi iliyochapishwa mwaka 1996. Alifariki dunia tarehe 14 Oktoba 1999 katika Hospitali ya Mtakatifu Thomas, London. Hospitali hiyo iko ukingoni mwa mto Thames, na ng'ambo ya mto, mkabala nayo, ndipo lilipo Bunge la Uingereza. Mwaka 2005 Kanisa lilianza rasmi mchakato wa kumtangaza Mwenye Heri, na tangu hapo tunamwita Mtumishi wa Mungu.

Je, maisha hayo yanatufundisha nini? Mwalimu alibadili mawazo kuhusu idadi ya vyama. Hakubadili imani yake kwamba nchi ni ya wote na kwamba watu hujenga kwa kusikilizana. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, iliyotangazwa mwaka ule ule wa 1965, unafundisha kwamba vyama vya siasa vinapaswa kutafuta manufaa ya wote na kutotanguliza kamwe faida yao, na kwamba Mkristo auheshimu mtazamo halali wa mwenzake hata unapotofautiana na wake. Safu mbili zinazotazamana zina maana pale tu kila upande unapoamini kwamba walioketi mbele yao wanaipenda nchi ile ile.

Basi, zamu ya sala itakapofika katika nyumba ya yule uliyetofautiana naye kwenye uchaguzi, nenda. Keti, fungua Neno, mpokezane zaburi kama watawa wa viti vya kwaya. Kisha, kama bado mna la kubishana, bishaneni mkiwa ndugu.

Tumwombe Mungu, ikiwa ni mapenzi yake, amjalie Mtumishi wake Julius heshima ya altare, nasi atujalie moyo wa kushindana bila kuchukiana. Amina.