Askofu Edward Steere: Mtetezi wa Maandiko Aliyeanza kwa Kujifunza

Kamati ya yubilei iliniomba niandike habari za mtumishi mmoja wa zamani ambaye kazi yake ingali nasi. Nimemchagua Askofu Edward Steere wa Unguja. Sababu ni kwamba vijana wetu hubishana juu ya Biblia karibu kila siku, kwenye matatu ya Lodwar na kwenye foleni ya maji kule Kakuma, wakati mwingine na jirani Mwislamu, wakati mwingine na mwanafunzi aliyerudi kutoka chuo akiwa haamini chochote. Mara nyingi mabishano hayo huishia kwa kupandisha sauti.

Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria akawa wakili, kisha akawa kasisi wa Kianglikana. Kabla hajakanyaga Afrika alikuwa ameandika kitabu juu ya kuwapo kwa Mungu, na pia alitoa chapa mpya ya kitabu maarufu cha Askofu Joseph Butler cha mwaka 1736. Kitabu hicho kiliandikwa kwa ajili ya watu waliokubali kwamba Mungu aliumba ulimwengu lakini wakayakataa Maandiko. Butler hakuwaambia kwamba Biblia ni kweli kwa kuwa Biblia yenyewe imesema hivyo. Hoja hiyo sisi huipenda sana, lakini kwa asiyeiamini Biblia haisogezi kitu. Yeye alianza na yale waliyokwisha kuyakubali. Aliwaonyesha kwamba mambo magumu wanayoyalalamikia katika Maandiko yanafanana na mambo magumu yaliyomo katika uumbaji, nao hawaukatai uumbaji kwa sababu hiyo. Tena mwanadamu huongozwa maishani na dalili nyingi zinazoelekea upande mmoja, si na uhakika kamili.

Mfugaji wa Turkana angemwelewa upesi. Hahamishi mbuzi kwa sababu ameiona mvua kwa macho yake. Huwauliza waliotoka huko: nani aliyaona majani, walikuwa wangapi, je, wana faida yoyote wakimdanganya? Wakili naye huwapima mashahidi vivyo hivyo, na hata habari za ufufuo zinaweza kupimwa namna hiyo mbele ya mtu anayeuliza kwa nia njema.

Mwaka 1864 Steere alifika Unguja pamoja na Askofu Tozer. Sultani Majid aliwapa wavulana watano waliookolewa utumwani, nao wakawa wanafunzi wao wa kwanza. Kwa elimu yake Steere angeweza kuanza mabishano siku hiyo hiyo. Alianza na Kiswahili. Aliwasikiliza watu wa mjini, akakusanya hadithi zao na kuzichapisha, akaandika kitabu cha kufundishia lugha kilichotoka mwaka 1870. Katika utangulizi wake alieleza jinsi Sheikh Abdulaziz, mwanachuoni wa Kiislamu, alivyojitolea kumtafsiria Zaburi kutoka Kiarabu. Sheikh hakumaliza kwa sababu ya shughuli zake, na lugha yake ilikuwa ya kisomi mno kwa watu wa kawaida. Lakini hebu fikirini: sheikh na kasisi wakishughulika na Zaburi za Daudi, kila mmoja akijua kwamba mwenzake haamini kama yeye!

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Krismasi mwaka huo jiwe la msingi la Kanisa Kuu likawekwa pale pale Mkunazini. Steere, aliyewekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1874, alisimamia ujenzi huo na akahubiri kwa Kiswahili mjini humo.

Hapa lazima niseme ukweli, kwa maana mtetezi wa Maandiko akitia chumvi hupoteza kesi yote. (Nawaomba pia tuache kusambaza zile habari za simu kwamba wanasayansi wamethibitisha hiki na kile, wakati hatujui zilikotoka.) Hoja za Steere hazikuleta Waislamu wa Unguja kanisani kwa wingi. Waliobatizwa wengi walikuwa watu waliokombolewa utumwani, na bila shaka kwao kanisa lililojengwa juu ya soko walikouzwa wenzao lilisema zaidi ya mhubiri. Mmoja wa wale wavulana watano, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879. Nadhani hoja nzuri humwondolea msikilizaji jiwe njiani. Kutembea ni juu yake na Mungu.

Steere alifariki Unguja tarehe 27 Agosti 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa lile. Agano Jipya alilolitafsiri likachapishwa kamili mwaka 1883, na waliotengeneza Biblia ya Muungano ya 1952, ambayo ndiyo tunayosoma, walikuwa na tafsiri ya Unguja mbele yao pamoja na ile ya Mombasa.