Inge Lehmann na kiini kilichofichika ndani ya dunia

Denmark, nchi yenye ardhi tambarare, haijulikani kwa matetemeko ya ardhi. Hata hivyo, mnamo 1936, katika mji wake mkuu wa Copenhagen, mwanamke aliyefanya kazi karibu peke yake alibaini kwamba kiini cha dunia kina kiini kingine ndani yake. Mwanamke huyo ni Inge Lehmann.

Alizaliwa Copenhagen tarehe 13 Mei 1888, binti wa profesa wa saikolojia, Alfred Lehmann. Shule aliyosoma iliongozwa na Hanna Adler, mama mkubwa wa mwanafizikia Niels Bohr. Humo wavulana na wasichana walifundishwa mambo yale yale, mpira na ushonaji vikiwamo, na Inge alikua akiamini kuwa ndivyo ulimwengu ulivyo. Haukuwa hivyo. Alipokwenda Cambridge mwaka 1910 kusoma hisabati, alikuta chuo kikuu kisichowapa wanawake shahada. Kiliendelea hivyo hadi 1948. Alirejea nyumbani amechoka kupita kiasi, akaacha masomo na kufanya hesabu katika ofisi ya bima kwa miaka kadhaa. Alirudi chuoni mwaka 1918 na kuhitimu 1920. Miaka ile ya bima haikupotea bure, kwani ilimpa wepesi wa kushughulika na takwimu, wepesi ambao baadaye ulimfaa sana.

Mwaka 1925 alianza kumsaidia Profesa Niels Erik Nørlund kuanzisha vituo vya kupima mitetemo nchini Denmark na Greenland, na kuanzia 1928 hadi alipostaafu 1953 aliongoza idara ya matetemeko ya Taasisi ya Jiodesia. Cheo kilikuwa kikubwa, lakini wasaidizi walikuwa haba.

Wakati huo kulikuwa na fumbo. Tetemeko hutoa mawimbi ya aina mbili yapitayo ndani ya dunia. Ya kwanza husukuma na kuvuta, nayo hupita katika vitu vigumu na vimiminika pia. Ya pili hutikisa kwa ubavu, nayo hayawezi kupita katika kimiminika. Kwa kuwa haya ya pili yalitoweka yalipofika kwenye kiini, kilomita 2,900 chini ya uso wa dunia, wataalamu walikubaliana kwamba kiini hicho ni kimiminika. Nayo yale ya kwanza yalipinda yalipoingia humo, kama mwanga uingiapo majini, yakaacha ukanda wa kivuli, takriban kati ya nyuzi 103 na 142 kutoka chanzo cha tetemeko, ambao hayakutarajiwa kuufikia. Lakini mashine zilizokuwamo ndani ya kivuli hicho zilinasa mitetemo hafifu. Wengi waliieleza kuwa ni mawimbi yaliyojipinda ukingoni mwa kiini, wakaendelea na mengine.

Lehmann hakuridhika. Nchi yake, ingawa tulivu, ilikuwa mahali pazuri pa kusikilizia: New Zealand iko karibu upande wa pili wa dunia, hivyo mawimbi ya huko hupenya kiini kabla ya kuifikia Ulaya. Tarehe 17 Juni 1929 tetemeko kubwa lilipiga Murchison, New Zealand, na kuua watu 17. Katika rekodi zake, zikiwamo za vituo vya Sverdlovsk na Irkutsk huko Urusi, Lehmann aliona mawimbi yaliyo dhahiri mno kuweza kuitwa mabaki ya ukingoni. Kompyuta hazikuwapo. Jamaa yake mmoja alimkumbuka ameketi bustanini, meza imejaa maboksi ya uji wa shayiri, na ndani yake kadi zenye saa na mwendo wa mawimbi kutoka kila pembe ya dunia.

Hitimisho lake lilikuwa kwamba mawimbi hayo yaligonga kitu ndani ya kiini na kurushwa hadi kwenye kivuli. Alikikadiria kuwa na nusu kipenyo cha kilomita 1,400 hivi. Vipimo vya leo vinasema takriban 1,220. Makala yake ya 1936 ilikuwa na kichwa cha herufi moja tu, P, na kistari kidogo pembeni yake.

Beno Gutenberg na Charles Richter, waliokuwa California, waliafiki mwaka 1938. Harold Jeffreys wa Uingereza, mwenye sauti kubwa kuliko wote katika fani hiyo, alichukua muda zaidi. Kwamba kiini hicho cha ndani ni kigumu lilithibitishwa mwaka 1971 tu, kwa kuchunguza jinsi dunia nzima inavyotikisika kama kengele baada ya matetemeko makubwa.

Lehmann hakuolewa, na kustaafu hakukumzuia. Alisafiri mara nyingi kwenda Marekani kufanya utafiti, na badiliko la mwendo wa mawimbi kwenye kina cha kilomita 220 hivi linaitwa kwa jina lake. Mwaka huo huo wa 1971 alipokea Nishani ya William Bowie, mwanamke wa kwanza kuipata. Makala yake ya mwisho, kumbukumbu za kazi ya zamani, ilitoka 1987 akiwa na umri wa karibu miaka 99. Alifariki dunia Copenhagen tarehe 21 Februari 1993, akiwa na miaka 104.