Wasifu wa Edsger Dijkstra: Kosa Lisilojirudia

Mtahiniwa, kumbuka kwamba wasifu ni habari za maisha ya mtu zilizoandikwa na mtu mwingine. Akijiandikia mwenyewe huitwa tawasifu. Soma wasifu ufuatao kwa makini. Jina lisikutishe, hutamkwa Daikstra.

Edsger Wybe Dijkstra alizaliwa tarehe 11 Mei, 1930, mjini Rotterdam, Uholanzi. Baba yake alikuwa mwalimu wa kemia na mama yake mwanahisabati. Alisoma fizikia katika Chuo Kikuu cha Leiden, lakini mwaka 1952 alianza kazi ya kuandika programu katika Kituo cha Hisabati, Amsterdam. Kazi hiyo ilikuwa ngeni mno. Alipofunga ndoa mwaka 1957 alitaka kuandikishwa kuwa ni mwandishi wa programu. Maofisa wa mji wakakataa, kwani hawakuitambua kazi hiyo. Akaandikwa mwanafizikia.

Wengi humjua kwa kanuni yake ya kutafuta njia fupi kati ya miji miwili, aliyoibuni mwaka 1956 akiwa mkahawani, kwa dakika 20 hivi, bila kalamu wala karatasi. Hiyo tuiache. Kazi iliyomtia hofu ni nyingine.

Wenzake wawili, Bram Loopstra na Carel Scholten, walikuwa wakibuni kompyuta mpya iliyoitwa X1. Kompyuta za wakati ule zilipoteza muda mwingi kwa kusubiri: kichakataji kilimaliza hesabu upesi, kisha kikakaa bure mpaka mashine ya kuchapa ipige herufi yake. Wakapendekeza kichakataji kiendelee na kazi nyingine, na kifaa kikiwa tayari kitume ishara ya kukatiza. Kichakataji kisimame, kikihudumie kifaa, kisha kirudi pale kilipoachia.

Ukitaka kuielewa hofu ya Dijkstra, fikiri uko nyumbani Wazo unafanya hesabu ya kuzidisha. Umezidisha 9 kwa 8, umepata 72. Umeandika 2, na 7 umeibeba kichwani. Mama anakuita umtue ndoo ya maji. Unakwenda, unarudi, unaendelea, kumbe ile 7 imekutoka. Jibu linakuwa si sahihi. Kesho unarudia hesabu ileile, hakuna anayekuita, jibu linatoka sawasawa. Kosa la jana utalitafutia wapi?

Hapo awali programu mbovu ilikosea vilevile kila ilipoendeshwa, hivyo mwandishi aliweza kuirudia hatua kwa hatua hadi alikamate kosa. Ishara ya kukatiza, kwa upande wake, huja wakati wowote kifaa kinapokuwa tayari. Kosa linaweza kutokea leo, kisha lisionekane tena kwa miezi. Na aliyetakiwa kuandika programu za kupokea ishara hizo ni Dijkstra, tena ziwekwe katika sehemu ya kumbukumbu isiyofutika. Aliwazuia wenzake kwa miezi kadhaa. Wakambembeleza, wakimsifu kwamba anaiweza, mwishowe akakubali.

Kwa kuwa kosa la namna hiyo halikamatiki kwa kujaribujaribu, ilimbidi alizuie kwa kufikiri kabla. Kwa kila hatua alijiuliza: ishara ikifika hapa, ni kitu gani kitapotea? Kilichomo kwenye rejista, yaani ile 7 ya kichwani, lazima kihifadhiwe kwanza. Wakati wa kukihifadhi, ishara nyingine zizuiwe. Kifaa kikishahudumiwa, kila kitu kirudishwe kama kilivyokuwa, ndipo ishara ziruhusiwe tena. Programu hizo ndizo zilizompa shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Amsterdam mwaka 1959. Leo unapogusa kioo cha simu, kichakataji chake bado hufuata mtindo huohuo.

Mwaka 1962 alihamia chuo cha ufundi cha Eindhoven. Huko tatizo lilikua: programu nyingi zikiendeshwa pamoja na kugombea vifaa vilevile. Akabuni semafo, jina alilolitoa kwenye reli. Unajua treni mbili haziwezi kukutana kwenye njia moja. Moja husubiri stesheni mpaka ishara ibadilike. Vivyo hivyo, programu inayokuta kifaa kimeshikwa hulala hadi iamshwe. Yeye na wenzake wachache walijenga mfumo ulioitwa THE, wenye matabaka. Tabaka la chini kabisa lilipokea ishara za saa na kugawa kichakataji, na kila tabaka lilijaribiwa kabla ya kuongeza lililo juu yake. Alipoueleza mfumo huo mwaka 1968, alisema makosa yaliyojitokeza katika majaribio yalikuwa madogo ya uandishi, takriban moja kwa kila maagizo 500, na kila moja lilipatikana ndani ya dakika 10. Hakuna lililokuwa la kuwinda kwa miezi.

Wewe unayejiandaa na mtihani utapenda hili: mwaka 1965 aliwatungia wanafunzi wake swali la mtihani kuhusu kompyuta zinazogombea mashine za kanda. Kila kompyuta ikishika mashine moja na kung'ang'ania kusubiri ya jirani, zote hukwama milele. Tony Hoare aliligeuza kuwa kisa cha wanafalsafa watano mezani wanaogombea uma, na hadi sasa hufundishwa vyuoni.

Dijkstra alipata Tuzo ya Turing mwaka 1972, na kuanzia 1984 hadi alipostaafu mwaka 1999 alifundisha Chuo Kikuu cha Texas, Austin, Marekani. Ajabu ni kwamba mtaalamu huyu wa kompyuta aliandika maandiko yake kwa kalamu ya wino, akiyapa namba, yakapita 1,300. Alifariki nyumbani kwake Nuenen, Uholanzi, tarehe 6 Agosti, 2002.