Kuhani wa Kali: Maisha ya Ramakrishna na Ibada ya Miungu katika Dini ya Kihindu

Aghalabu mtu asiyekuwa Mhindu anapopita mbele ya hekalu na kusikia kengele zikilia, hujiuliza ni kwa minajili gani watu wazima wenye akili zao huliandalia jiwe chakula, wakaliogesha na kulivika nguo. (Ni vyema tutofautishe tangu mwanzo: Mhindi ni mtu mwenye asili ya Bara Hindi, awe Mwislamu, Mkristo au Singasinga, Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Kiswahili kimetupa maneno mawili, ingawa wengi wetu huyachanganya.) Swali hilo si la wageni pekee. Katika karne ya 19 liliulizwa kwa ukali na Wahindu wenyewe huko Bengal. Miongoni mwa waliolijibu alikuwamo kuhani mmoja ambaye elimu yake ya shuleni ilikuwa haba mno na ambaye hakuandika kitabu chochote. Jibu lake lilikuwa maisha yake.

Alizaliwa tarehe 18 Februari 1836 katika kijiji cha Kamarpukur, akapewa jina Gadadhar. Baba yake, Khudiram Chattopadhyay, alikuwa Mbrahmini, yaani mtu wa tabaka la makuhani, lakini maskini. Alifariki mwaka 1843 mtoto akiwa na umri wa miaka saba. Gadadhar hakuzipenda hesabu. Alipenda michezo ya kuigiza, nyimbo za dini na kufinyanga sanamu za miungu. Usiku mmoja wa sikukuu ya Shiva alipewa nafasi ya kumwigiza mungu huyo jukwaani, akasimama kimya machozi yakimtiririka, hata mchezo ukakatika. Alipofika umri wa kuvishwa uzi mtakatifu wa Wabrahmini, alishikilia kwamba sadaka yake ya kwanza aipokee kutoka kwa Dhani, mwanamke wa ukoo wa wahunzi aliyemsaidia mama yake wakati wa kujifungua. Jamaa zake walipinga kwa sababu ya tabaka la mama huyo. Mtoto hakukubali, na hatimaye wakamwachia.

Mwaka 1852 alimfuata kaka yake Ramkumar mjini Calcutta. Wakati huo mjane tajiri aitwaye Rani Rasmani alikuwa akijenga hekalu kubwa huko Dakshineswar, ukingoni mwa mto Hooghly kaskazini mwa mji. Rasmani alikuwa na mali na heshima, ila alizaliwa katika tabaka la chini, na Wabrahmini walikataa kuhudumu mahali alipopajenga. Ramkumar ndiye aliyetoa fatwa, ikiwa neno hilo linaruhusiwa hapa: mjane akimkabidhi Mbrahmini hekalu kwa hati, kizuizi kitaondoka. Hekalu likafunguliwa tarehe 31 Mei 1855, na Ramkumar akawa kuhani wake. Ajabu ni kwamba siku ile Gadadhar, yule yule aliyepokea sadaka ya Dhani, alikataa kula chakula cha hekaluni kwa sababu ya tabaka la mwenyewe. Binadamu hakui kwa mstari ulionyooka.

Muda si mrefu kukatokea kisa kilichombainisha. Kuhani wa chumba cha Krishna aliteleza, sanamu ikaanguka na mguu wake ukavunjika. Wataalamu wa maandiko walitoa hukumu kwamba sanamu iliyovunjika haifai kuabudiwa. Itupwe mtoni na nyingine iwekwe. Gadadhar alipoulizwa alitaka kujua kama Rani angemtupa mkwewe na kutafuta mwingine endapo angevunjika mguu, au angemwitia tabibu. Akauunga mguu ule kwa mikono yake mwenyewe, na ibada ikaendelea. Hoja yake haikuwa ya kisheria. Ilikuwa hoja ya mtu anayeamini kwamba aliye mbele yake ni mtu wa nyumbani.

Ramkumar alifariki mwaka 1856, na nduguye, aliyekuja kujulikana kama Ramakrishna, akabaki na ibada ya Kali mwenyewe. Sanamu ya Kali imechongwa kwa jiwe jeusi. Ana mikono minne: wa kushoto mmoja umeshika upanga, mwingine kichwa kilichokatwa, ya kulia inatoa baraka na kuondoa hofu. Amesimama juu ya kifua cha Shiva aliyelala, naye Shiva ni wa marumaru nyeupe.

Hapa inatubidi tueleze kazi ya kuhani wa Kihindu, kwani bila hiyo hatutaelewa alichokivunja baadaye. Ibada ya aina hii huitwa puja. Kuhani huanza na nafsi yake: huketi, huyatuliza mapumzi, huutakasa mwili wake kwa fikira na kuvigusa viungo vyake huku akitamka maneno matakatifu, kwa kuwa inaaminika kwamba hakuna amwabuduye mungu pasipo kwanza kuwa na uungu ndani yake. Kisha humwomba mungu awepo katika sanamu. Jambo hili hupuuzwa na wengi: kwa Mhindu, sanamu iliyotoka kwa mchongaji bado ni jiwe tu, na pana ibada maalumu ya kuitia pumzi ya uhai kabla ya kuabudiwa. Baada ya hapo mungu hupokewa kama mgeni mheshimiwa. Hupewa kiti, maji ya kunawia miguu na ya kusukutulia, huogeshwa, huvishwa, hupakwa liwa ya msandali, huvikwa maua, hufukiziwa ubani, huwashiwa taa ya samli na kuandaliwa chakula. Kwa utaratibu uliozoeleka, huduma hizi ni 16. Kila mungu ana vyake: Kali hupendelewa maua mekundu, Shiva majani ya mbeli, Vishnu majani ya tulasi, ambayo ni jamii ya mrehani. Mwishoni taa huzungushwa mbele ya uso wa mungu kengele zikilia, na chakula kilichotolewa hurudi kwa waumini kikiwa kimebarikiwa. La mno ni kuonana: muumini humtazama mungu, na huamini kwamba naye anatazamwa.

Ramakrishna aliyachukua maneno hayo kama yalivyo. Ikiwa Mama amealikwa, yuko wapi? Ikiwa anakula, mbona hasemi? Alimlilia usiku na mchana, akasahau usingizi, na kila jua lilipokuchwa alihuzunika kwamba siku nyingine imepita bila kumwona. Siku moja alikata tamaa, akaukimbilia upanga uliokuwa umetundikwa katika chumba cha Mama ili ayakatishe maisha yake. Alisimulia baadaye kwamba papo hapo milango na kuta zilitoweka, akazingirwa na bahari ya nuru isiyo na mwisho, akaanguka bila fahamu. Habari hizi zimetufikia kupitia kwa wafuasi waliompenda. Msomaji ana haki ya kuzipima. Lisilobishaniwa ni kwamba tangu hapo puja yake ilibadilika.

Alianza kuyaweka maua kichwani pake mwenyewe kabla ya kumpa Mama. Alimlisha kwa mkono. Siku moja chakula cha Mama alimpa paka, kwa kuwa alimwona Mama ndani ya paka pia. Msimamizi wa hekalu alipeleka mashtaka kwa Mathur, mkwe wa Rani, naye akajibu kuhani asiguswe. Inasimuliwa hata kwamba alimpiga Rani kofi hekaluni, kwa kuwa katikati ya wimbo wa dini mawazo ya mjane yule yalikwenda kwenye kesi yake mahakamani. Watumishi waliruka, Rani akawazuia, akakiri kosa. Wengi walimwona kuhani kuwa mwendawazimu, na jamaa zake wakaamua kwamba dawa ni ndoa. Mwaka 1859 aliozwa Sarada, mtoto wa miaka mitano, kama ilivyokuwa desturi ya mahali pale. Binti alibaki kwa wazazi wake. Ndoa haikumtuliza.

Hapo ndipo alipoanza kuzipitia njia za ibada moja baada ya nyingine. Kwa mujibu wa mapokeo ya Bengal, muumini anaweza kuhusiana na mungu kwa utulivu, kwa utumishi, kwa urafiki, kwa mapenzi ya mzazi, au kwa mahaba. Katika utumishi alimwiga Hanuman, tumbili mtiifu wa Rama, hata akala matunda na kurukaruka. Katika mapenzi ya mzazi alilea sanamu ndogo ya Rama mchanga, akiiogesha na kuikaripia. Katika mahaba alivaa mavazi ya kike akimsubiri Krishna. Mwaka 1866 alifuata kwa siku chache taratibu za Kiislamu. Baadhi ya mambo haya humkera msomaji wa leo, wala hatuna haja ya kuyapamba.

Jaribio gumu kuliko yote lililetwa na Tota Puri, mtawa aliyezunguka bila nguo na aliyeamini kwamba uhalisi wa mwisho hauna jina wala umbo. Alimfundisha Ramakrishna aitupe kila sura kutoka akilini. Zote zilikubali kutoka, isipokuwa moja: Mama alirudi kila mara. Hatimaye, kwa maelezo yake mwenyewe, alimkata Mama vipande viwili kwa upanga wa utambuzi, akazama pasipo sura yoyote. Lakini alipozinduka hakuliacha hekalu. Alirudi kwa Kali, akasisitiza maisha yake yote kwamba asiye na umbo na mwenye umbo ni mmoja, kama maji na barafu. Kwa maoni yetu hapa ndipo penye uzito wa maisha yake, kwa sababu wasomi wa Calcutta walikuwa wamelazimishwa kuchagua. Chama cha Brahmo, kilichoanzishwa na Rammohun Roy mwaka 1828, kilizikataa sanamu katakata. Ramakrishna alikutana na kiongozi wake mashuhuri, Keshab Chandra Sen, mwaka 1875, wakawa marafiki, na hakuna aliyemtaka mwenzake aache njia yake.

Mkewe alikuja Dakshineswar mwaka 1872, sasa msichana mkubwa. Usiku mmoja wa sikukuu ya Kali, Ramakrishna alimketisha Sarada penye kiti cha mungu, akamfanyia puja kamili, na mwishoni akaiweka tasbihi yake miguuni pa mkewe pamoja na matunda ya ibada zake zote. Mapokeo husema hapo ndipo ibada zake za mazoezi zilipokoma.

Mwaka 1881 alikutana na Narendranath Datta, mwanafunzi wa chuo aliyeathiriwa na Brahmo na kuzidharau sanamu. Mwaka 1884 baba yake Narendra alifariki akaacha madeni, na nyumba ikakosa chakula. Kijana alimsihi mwalimu amwombee kwa Mama. Ramakrishna akamtuma akaombe mwenyewe. Aliingia hekaluni mara tatu, na mara zote tatu akatoka bila kutaja fedha: aliomba maarifa na upendo wa mungu, kisha akakumbuka njaa ya nduguze akiwa nje tayari. Mwalimu akamwahidi kwamba nyumba yake haitakosa chakula na nguo za kawaida. Ndiye aliyekuja kuitwa Vivekananda, na aliyehutubia Bunge la Dini mjini Chicago mwaka 1893.

Saratani ya koo ilimpata Ramakrishna mwaka 1885. Wanafunzi walimsihi amwombe Mama angalau aweze kumeza. Aliporudi kutoka katika maombi alisema kwamba Mama alimwonyesha vinywa vyao wote na kumwuliza kama hali kwa vinywa hivyo. Alifariki tarehe 16 Agosti 1886 katika nyumba ya bustani huko Cossipore, na mwili wake ukachomwa ukingoni mwa mto. Sarada aliendelea kuiandalia picha yake chakula. Vivekananda alianzisha Misheni ya Ramakrishna mwaka 1897, na mwaka 1938 hekalu kubwa likafunguliwa huko Belur, ng'ambo ya mto. Ndani yake ameketi Ramakrishna wa marumaru, ambaye watawa humwamsha alfajiri, humvika maua, humwandalia chakula, na usiku humlaza.