IBN AL-HAYTHAM NA SIRI YA NAMBARI TASA

Leo tumuangalie Abu Ali al-Hasan Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra, Iraq, karibu mwaka 965. Wengi wetu tunamjua kwa Kitab al-Manazir, kile kitabu chake cha elimu ya mwanga na macho. Lakini huyu bwana alikuwa bingwa wa hesabu pia.

Wanahistoria wanasimulia kwamba alidai anaweza kuyadhibiti maji ya Mto Nile. Khalifa al-Hakim wa Misri akamwita. Akasafiri mpaka pande za Aswan, na alipoyaona majengo ya watu wa kale akatambua kuwa lau kazi ile ingewezekana, mafundi wale wangeshaifanya zamani. Akarudi Cairo, akakiri kushindwa. Al-Hakim alikuwa mtu wa kuogopwa, basi kwa kuhofia roho yake Ibn al-Haytham akajifanya mwendawazimu. Akafungiwa nyumbani mpaka khalifa alipotoweka mwaka 1021. Baada ya hapo aliishi karibu na Msikiti wa al-Azhar, akila jasho lake kwa kunakili vitabu vya hesabu. Alifariki karibu mwaka 1040.

Sasa hebu shika kalamu. Ibn al-Haytham aliuliza: ni nambari gani ambayo ukiigawa kwa 2, 3, 4, 5 au 6 hubaki 1, lakini ukiigawa kwa 7 haibaki kitu? Jibu lake: zidisha 1 × 2 × 3 × 4 × 5 × 6 upate 720, ongeza 1. Hiyo 721 ni 7 mara 103. Siri ni kwamba 7 ni nambari tasa, haigawiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Jaribu na 5: 24 na 1 ni 25, inagawika. Jaribu na 6, ambayo si tasa: 120 na 1 ni 121, haigawiki kwa 6 ng'o!

Kanuni hii ikachapishwa Ulaya mwaka 1770 kwa jina la Mwingereza John Wilson, na mwaka 1771 Lagrange akaithibitisha. Mpaka leo vitabu vinaiita ya Wilson, ilhali mzee wetu alishaieleza zaidi ya miaka 700 kabla.

Je, yatosha kupima nambari kubwa? Hapana, kuzidisha kungekuwa hakuishi. Mwaka 2024 ilipatikana nambari tasa yenye tarakimu 41,024,320: chukua 2 kiasi cha 136,279,841, uzizidishe zote pamoja, kisha utoe 1. Iligunduliwa kwa kompyuta na njia nyingine. Lakini ajabu ni kwamba nambari tasa za sampuli hii hii, kama 3, 7 na 31, Ibn al-Haytham alizishughulikia pia.

Kijana mwenzangu, mtu huyu alikiri asichokiweza mbele ya mtawala wa kutisha, na akakosa sifa kwa alichokiweza. Hata hivyo hakuacha kusoma. Wewe unayesema hesabu ni ngumu, una udhuru gani? Allah amrehemu, na atuzidishie elimu. Amin.