Wangari Maathai na Wamama wa Wafungwa

Katika ukurasa huu tunapenda kueleza maisha ya mtu aliyetutangulia. Safari hii tumemchagua Wangari Maathai wa Kenya. Wengi wanamjua kwa habari ya miti. Sisi tunataka kueleza jambo lingine alilofanya, kwa sababu hapa Kinama familia nyingi zinajua njia ya kwenda Mpimba na ya kwenda kasho, mfuko wa chakula mkononi.

Wangari alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, sehemu za Nyeri. Ulikuwa wakati wa ukoloni. Vita ya Mau Mau ilipoanza mwaka 1952, serikali ya Waingereza iliweka makumi ya maelfu ya watu katika kambi za kifungo bila kuwapeleka mbele ya hakimu. Wengine wengi walitolewa katika mashamba yao kwa nguvu, wakaishi katika vijiji vilivyolindwa na askari. Mama yake Wangari alikuwa mmoja wao. Wangari mwenyewe alikuwa akisoma kwa masista Wakatoliki huko Mathari. Siku moja, akiwa na umri wa miaka kama 16, alikuwa njiani kwenda kumwona baba yake Nakuru. Alikamatwa, akawekwa kambini siku mbili. Sisi tuliokimbia makwetu hatuhitaji kuelezwa sana jambo kama hilo.

Mungu alimfungulia njia ya masomo. Alisoma Marekani, akarudi, na mwaka 1971 akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1977 alianza kazi ya kupanda miti pamoja na wamama wa vijijini, kazi iliyojulikana kwa jina la Green Belt. Kwa njia hiyo alijifunza kukaa na wamama wasio na cheo, kuwasikiliza na kupanga kazi pamoja nao.

Gereza alilijua tena akiwa mtu mzima. Baada ya talaka yake kuamuliwa mahakamani mwaka 1979, alimlaumu hakimu hadharani, naye akahukumiwa kifungo cha miezi sita. Alikaa siku tatu katika gereza la wanawake la Lang'ata, kisha akaachiliwa. Mwezi wa Januari 1992 polisi walimkamata tena nyumbani kwake, akalala katika chumba chenye baridi na maji sakafuni. Alifikishwa mahakamani akiwa amebebwa kwenye machela, kwa sababu miguu ilikuwa inamuuma mno.

Miaka hiyo Kenya ilitawaliwa na Rais Daniel arap Moi. Tangu mwaka 1982 sheria iliruhusu chama kimoja tu. Walimu, wanafunzi, wanasheria na watu wa kawaida walikamatwa kwa sababu ya maoni yao, na wengi waliteswa katika vyumba vya chini ya jumba la Nyayo, Nairobi. Mwezi wa Desemba 1991 sheria ilibadilishwa, vyama vingi vikaruhusiwa. Lakini waliofungwa kwa kudai mambo hayo hayo walibaki gerezani. Wamama zao wakajiuliza: ikiwa kosa halipo tena, kwa nini mtoto wangu bado amefungwa?

Hapo ndipo walipomwendea Wangari. Wengi wao walikuwa wamama wazee wa vijijini. Kila mmoja alikuwa amezoea kulia peke yake na kwenda gerezani peke yake. Sasa walikubaliana kwenda pamoja. Tarehe 28 Februari 1992 walifika kwa mwanasheria mkuu wa serikali, wakampa barua ya kuomba wafungwa 52 waachiliwe. Aliwaambia warudi nyumbani wasubiri. Wao hawakurudi. Walikwenda katika bustani ya Uhuru, katikati ya mji, wakakaa hapo bila kula, wakisema wanawasubiri watoto wao.

Watu walianza kuja. Waliokuwa wameteswa walisimama mbele ya wengine, wakaeleza kwa mara ya kwanza yaliyowapata. Tarehe 3 Machi polisi walikuja na virungu na mabomu ya machozi. Wangari alipigwa mpaka akazimia, akapelekwa hospitali. Baadhi ya wale wamama walivua nguo mbele ya askari. Kwa mila zao hiyo ni laana nzito, kwa maana mama hapigwi na mtoto aliye sawa na yule aliyemzaa.

Karibu na bustani kuna kanisa kuu la Waanglikana la All Saints. Mkuu wa kanisa hilo, Peter Njenga, aliwafungulia wamama mlango. Walidhani watakaa siku chache. Walikaa katika chumba cha chini ya kanisa karibu mwaka mzima. Walilala hapo, waliomba na kuimba hapo, na polisi walipozunguka kanisa hawakutoka. Wafungwa walianza kuachiliwa mwaka huo huo wa 1992, na mwanzoni mwa mwaka 1993 karibu wote 52 walikuwa wametoka.

Baadaye Wangari alichaguliwa mbunge mwaka 2002, na mwaka 2004 alipewa tuzo ya amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Alifariki Nairobi tarehe 25 Septemba 2011. Aliagwa kwa heshima ya taifa, lakini jeneza lake halikuwa la mbao, kwa sababu hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake.

Wapendwa, kwa nini tumewaeleza haya? Gereza la Mpimba lilijengwa kwa watu 800, na kwa miaka mingi limebeba mara kadhaa ya hesabu hiyo. Wengi wanaokaa katika magereza ya Burundi hawajahukumiwa. Gereza la Gitega liliposhika moto tarehe 7 Desemba 2021, serikali ilitangaza kwamba watu 38 wamekufa. Humo lilikuwa limejaa kupita kiasi.

Hatusemi kila familia iende kukaa bustanini. Lakini wale wamama walikuwa na orodha ya majina, na hiyo hata sisi tunaweza kuwa nayo. Ukiwa na mtu wako ndani, andika jina lake kamili, siku aliyokamatwa, mahali alipo na namba ya dosia yake. Uliza kama amefikishwa mbele ya hakimu. Usiende peke yako. Mwambie mchungaji, waambie wamama wa kanisa, mwende wawili au watatu. Na asiye na mfungwa asiseme jambo hili halimhusu. Tusome tena Mathayo 25, kuanzia mstari wa 31, kisha tujiulize mlango wa kanisa letu uko wazi kwa nani.

Bwana awabariki, na awakumbuke wote walio kifungoni.