Hadubini si pambo la kabati

Nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya upili, tulikuwa na hadubini moja tu. Ilihifadhiwa ndani ya kabati lililofungwa kwa kufuli, na ufunguo haukutoka mfukoni mwa mwalimu. Katika miaka minne niliiona mara mbili, tena kwa mbali, wageni walipokuja kuikagua shule. Seli za kitunguu tulizichora kwa kunakili picha kitabuni. Kila nilikumbukapo kabati lile, humfikiria Antoni van Leeuwenhoek, ambaye maisha yake yana funzo kwa walimu na wanafunzi vilevile.

Mholanzi huyu alizaliwa mjini Delft tarehe 24 Oktoba 1632. Babaye, msusi wa vikapu, alifariki mwanawe angali mdogo. Alipofika umri wa miaka 16 alipelekwa Amsterdam kujifunza biashara ya nguo, na mnamo 1654 akarejea Delft kufungua duka lake la vitambaa. Hakuwahi kusoma chuo kikuu, wala hakujua lugha nyingine ila Kiholanzi, ilhali wasomi wa enzi zile waliandikiana kwa Kilatini. Mwaka wa 1660 alipata kazi katika baraza la mji wake, na kwa hiyo akawa na riziki ya uhakika na wasaa wa kufuata yale aliyoyapenda.

Alichokipenda ni kutengeneza hadubini. Zake hazikufanana na hizi tuzijuazo leo. Kila moja ilikuwa na vibati viwili vidogo vya shaba au fedha, katikati pamebanwa lenzi ndogo mno, na mbele yake ncha ya kuchomekea kitu cha kutazamwa. Bora kati ya zilizosalia hukuza kitu takriban mara 270. Aghalabu, akishapachika kitu kwenye ncha hiyo hakukiondoa. Aliunda hadubini nyingine kwa ajili ya kitu kingine. Alikuwa na kifaa mahsusi cha kumshikilia mkunga mchanga ndani ya mrija wa kioo, ili aone damu ikizunguka mkiani mwa samaki huyo. Hivyo nyumba yake ikajaa hadubini zaidi ya 500.

Tangu mwaka wa 1673 alianza kuiandikia barua Royal Society ya London. Mwaka uliofuata alichota maji ya ziwa moja karibu na Delft, akaona humo viumbe ambavyo jicho tupu haliwezi kuviona. Alipoeleza mwaka wa 1676 kwamba maji aliyoloweka pilipili manga yamejaa vijidudu, wataalamu wa London walisita kumwamini. Hakukasirika, alileta mashahidi watazame wenyewe. Mwaka wa 1677 Robert Hooke alirudia jaribio hilo, naye akaviona. Mnamo 1680 muuza nguo huyo akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, na miaka mitatu baadaye akaeleza viumbe alivyovikuta katika utando wa meno yake.

Hata hivyo, sifa hizi zisitufumbe macho tusione kasoro yake. Hadubini zake bora aliwaficha wageni, na ufundi wa kutengeneza lenzi hizo hakumfunza mtu. Alipofariki tarehe 26 Agosti 1723, akiwa na umri wa miaka 90, aliiachia Royal Society hadubini 26 za fedha. Katika karne ya 19 zote zikapotea. Nyingi za zilizobaki zilipigwa mnada mwaka wa 1747, na leo zimesalia chache mno. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. La kusikitisha zaidi, mwaka wa 2021 watafiti waliichunguza mojawapo bila kuifungua, wakakuta lenzi yake ni tone la kioo kilichoyeyushwa, ufundi unaofanana na ule ambao Hooke alikuwa ameuchapisha waziwazi!

Robert Koch alipoonyesha kwamba bakteria ndio chanzo cha kimeta, ulikuwa mwaka wa 1876, miaka 200 kamili baada ya barua ile ya maji ya pilipili. Sisemi kwamba usiri wa mtu mmoja ndio uliosababisha ukawio huo wote. Lakini nani ajuaye wanafunzi wake wangaliona nini, kama angalikuwa nao?

Mwanafunzi, usisubiri shahada ndipo uanze kudadisi. Mwenzako alianzia dukani. Nawe mwalimu, naelewa hofu yako, kwani hadubini ni ghali na ikivunjika wewe ndiwe utakayeulizwa. Hata hivyo, iliyovunjika mikononi mwa wanafunzi imewafunza kitu. Ile ya shule yetu, nijuavyo mimi, haikupata hata mkwaruzo, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona kitu kupitia kwayo.